Gavana wa Bunge: Je, Kura ya Raia Iliporwa Massachusetts?

Mnamo Novemba 1850, raia wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walipiga kura kumchagua gavana. George N. Briggs wa chama cha Whig, aliyeushika wadhifa huo tangu 1844, alipata kura zaidi ya 56,000. George S. Boutwell wa chama cha Democratic alipata 36,000 hivi, naye Stephen C. Phillips wa Free Soil, chama kilichopinga kuenezwa kwa utumwa, akaambulia 27,000 na ushei. Januari iliyofuata, aliyeapishwa ni Boutwell. Ni rahisi kukiita kisa hiki wizi wa mchana peupe. Hukumu hiyo ni ya pupa.

Kwa mujibu wa katiba ya jimbo ya 1780, kuongoza hakukutosha. Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote. (Hapa Kiswahili chenyewe huweza kumpotosha msomaji, maana neno "wingi" hubeba dhana zote mbili: kuwazidi wengine na kuipita nusu.) Asipopatikana mtu wa namna hiyo, Baraza la Wawakilishi liliteua wawili miongoni mwa wanne waliotangulia, kisha Seneti ikamchagua mmoja wao. Kanuni hiyo ilikuwapo Briggs alipogombea, na zaidi ya nusu ya wapiga kura walimkataa. Alidhulumiwa nini basi?

Kinachostahili kuchunguzwa ni mapatano yaliyomweka Boutwell kitini. Septemba 1850, Sheria ya Watumwa Watoro ilikuwa imewalazimisha watu wa Kaskazini kusaidia kuwarejesha watoro kwa waliowamiliki, na Daniel Webster, seneta wa Massachusetts, alikuwa ameyaunga mkono maafikiano yaliyoizaa. Kwa wabunge wa Free Soil, kiti alichokiacha Webster mjini Washington kilikuwa na thamani kuliko ugavana. Wenzao wa Democratic walivitamani vyeo vya jimbo. Wakiwa pamoja bungeni waliwazidi Whig, wakagawana: ugavana huku, useneta kule. Henry Wilson wa Free Soil ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mpango huo. Ilikuwa biashara, na haifai kupambwa. Aliyempigia Phillips kura kwa kuuchukia utumwa alijikuta na gavana wa chama ambacho viongozi wake wengi kitaifa waliuvumilia. Ikiwa kuna mwenye haki ya kulalamika, ni huyo, wala si Briggs.

Hata malipo yenyewe yalicheleweshwa. Baadhi ya wabunge wa Democratic, wakiongozwa na Caleb Cushing, walikwisha kupata ugavana wao lakini wakakataa katakata kumpigia kura Charles Sumner, chaguo la Free Soil. Kura zikarudiwa miezi zaidi ya mitatu. Katikati ya mvutano huo, Aprili 1851, Thomas Sims, aliyetoroka utumwa Georgia, alipitishwa alfajiri katika mitaa ya Boston chini ya ulinzi mkali hadi kwenye meli ya kumrudisha. Siku chache baadaye, tarehe 24, katika duru ya 26, Sumner alipata kura 193, idadi ile ile iliyohitajika, bila hata moja ya ziada. Huyu ndiye seneta ambaye mwaka 1856 alipigwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti kwa hotuba yake dhidi ya utumwa. Bila biashara ile, asingefika humo mwaka 1851.

Kwa kuwa uchaguzi ulifanywa kila mwaka, bunge lilijikuta likimchagua gavana kila Januari kuanzia 1851 hadi 1854. Watu walichoka, na mwaka 1855 katiba ikarekebishwa ili anayeongoza ashinde. Mapatano ya bungeni yakaondoka. Ila mlango ukafunguliwa kwa mtu aliyekataliwa na zaidi ya nusu kutawala bila kulazimika kumsikiliza yeyote. Jimbo jirani la Vermont halikuifuta kanuni hiyo ya nusu. Januari 2025 bunge lake lilimchagua John Rodgers kuwa naibu gavana, na safari hiyo aliyechaguliwa ndiye aliyekuwa ameongoza kwa kura za raia.