KUFUNGA MLANGO HAKUMTOI MWIZI



Siku hizi kompyuta imeingia katika kazi za chama. Makatibu wengi wa matawi huweka humo majina ya wanachama, hesabu za ada na barua za madai, na mara nyingi ni kompyuta ile ile ambayo watoto huchezea nyumbani. Kwa hiyo twaona yafaa tuseme wazi habari za adui mmoja asiyepiga hodi, yaani programu ya mlango wa nyuma.

Virusi vingine hufanya kelele, huharibu kazi ya mtu au hufunga kompyuta na kudai fedha. Mlango wa nyuma hunyamaza. Kazi yake ni kumwachia mtu wa mbali njia ya kuingia apendapo, asome, anakili, aone hata neno la siri linapopigwa. Fikirini orodha ya watu waliojiunga na chama mahali ambapo mwajiri hajaambiwa bado. Orodha hiyo ikivuja, si kompyuta itakayofukuzwa kazi.

Wengi hudhani ya kuwa anayepatwa ni yule mzembe tu anayefungua kila kitu. Sivyo. Iko programu iitwayo CCleaner, ambayo watu huitumia kusafishia kompyuta za Windows. Mwaka 2017 wezi waliingia katika mitambo ya watengenezaji wake, Piriform ya London, wakatia mlango wa nyuma ndani ya programu kabla haijatolewa. Toleo la 5.33 likatoka tarehe 15 Agosti likiwa na sahihi halali ya kampuni. Sisi wa reli twalielewa jambo hili upesi: lakiri ya behewa ilikuwa nzima, lakini mzigo ulikwisha badilishwa kabla lakiri haijapigwa. Karibu mwezi mzima ulipita ndipo wataalamu wakagundua, na watu wapatao 2,270,000 walikuwa wamekwisha lipokea toleo hilo. Kati ya kompyuta hizo zote wezi walichagua kama 40 tu, za makampuni makubwa, wakazipelekea programu ya pili.

Toleo jipya lisilo na ila lilitolewa. Je, lilitosha? Wenye programu walisema kwa mtu wa nyumbani latosha. Wataalamu wa Cisco walisema haitoshi, irudishwe nakala ya akiba ya zamani au Windows iwekwe upya kabisa. Sisi twashika la Cisco. Toleo jipya laziba njia, lakini aliyekwisha jificha ndani ya behewa hatoki kwa sababu lango la yadi limefungwa.

Basi mwanachama atajuaje? Pengine kinga ya virusi imezimwa na hakuna aliyeizima, au taa ya kamera yawaka yenyewe. Fungua Task Manager utazame programu zinazoanza zenyewe kila kompyuta iwashwapo. Amri ya netstat nayo yaonyesha kompyuta inazungumza na nani huko nje. Lakini mtu asifute kitu kwa hasira ati kwa kuwa jina lake ni geni, kwani Windows yenyewe ina majina mengi ya ajabu. Tena mlango uliotengenezwa kwa ufundi hujificha usionekane katika orodha hizo. Kuiuliza kompyuta iliyotekwa kama imetekwa ni kumwuliza mshitakiwa awe shahidi. Ndiyo maana Microsoft Defender ina ukaguzi unaofanywa kabla Windows haijaamka, na huo ndio wa kutumia.

Ukiona shaka ni ya kweli, kwanza chomoa waya wa intaneti na kuzima Wi-Fi. Usibadilishe maneno ya siri katika kompyuta hiyo. Utakuwa wampa mwizi ufunguo mpya mkononi. Yabadilishe kwa kompyuta nyingine iliyo safi, ukianza na lile la barua pepe. Nakili barua na picha zako, programu uziache. Kisha diski ifutwe yote, na Windows iwekwe upya kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta nyingine. Na fundi akija na Windows ya bure iliyovunjwa kufuli, mwambieni arudi nayo kwake. Katika nakala kama hizo ndimo milango mingi huletwa, na nakala halali ya kuwekea yapatikana kwa Microsoft wenyewe.

Katibu ambaye kompyuta yake ilikuwa na orodha ya wanachama asinyamaze kwa haya. Aiarifu kamati siku ile ile, na wenye majina waambiwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe katika saa 72 iwapo kuvuja huko kwaweza kuwadhuru watu, na saa hizo huhesabiwa tangu jambo lilipojulikana, si tangu kamati ilipopata nafasi ya kukutana.