Kati ya "Nitarudi" na "Sitarudi"

Wauza kompyuta wetu wana neno moja wanalolipenda kuliko yote: nguvu. Ingia dukani, sema unataka mashine ya kuunga kwenye TV sebuleni ili familia iangalie filamu, na swali la kwanza ni bajeti yako, la pili ni kama unataka "yenye nguvu". Hakuna atakayekuuliza itakaa hatua ngapi kutoka kwenye masikio ya watu. Hakuna atakayeuliza filamu zenyewe ni za lugha gani, wala nani hasa anasikiliza. Maswali ya aina hiyo wanayaona ya washairi. Basi vizuri, tuyaulize sisi wa fasihi, maana hasara inatuangukia sisi tunaopenda maneno.

Nasema hivi: kompyuta ya sinema ya nyumbani ichaguliwe kwanza kwa kimya chake, mengine yafuate. Na wale wanaosema kimya ni anasa ya watu wa Masaki, eti sisi wengine tumezoea kelele, wanatudharau hata kama wenyewe hawajui.

Kiswahili hubeba mambo makubwa kwenye sauti ndogo. Nitarudi. Sitarudi. Tofauti kati ya ahadi na kuachwa ni konsonanti moja mwanzoni mwa neno, na mwigizaji anayejua kazi yake haitamki kwa kupaza sauti. Anainong'ona akiwa ameipa kamera mgongo. Alifika, alipika, alificha. Anakupenda, alikupenda. Mtu akikosa herufi moja, kakosa kisa chote. Sasa fikiria sauti ya "s" yenyewe ni nini. Ni upepo tu. Koo halitetemi, na nguvu yake nyingi iko juu kabisa, kwenye mitetemo elfu nne kwa sekunde na kuendelea. Na feni ndogo ya kompyuta inayokimbia hutoa nini? Upepo uleule, shhhh isiyokatika. Chini yake kuna diski ya kuzunguka: ile ya mizunguko 7200 kwa dakika huvuma kwa mitetemo 120 kwa sekunde, palepale ilipo sauti ya mwanamume anayeongea kwa utulivu. Yaani mashine moja inakula "s" kwa juu na "n" kwa chini, halafu tunamlaumu mwigizaji kwamba hasikiki.

Mzungu akishindwa kusikia filamu yake, husoma maandishi chini ya picha. Sisi je? Filamu zetu nyingi, tangu zile za enzi ya Kanumba hadi zinazokwenda matamasha, zimeandikwa chini kwa Kiingereza. Maandishi yale yamewekwa kwa ajili ya mgeni. Mwenye lugha yake hakuandikiwa kitu; yeye ategemee sikio. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiswahili anahitaji kimya kuliko huyo wa ng'ambo ambaye tunaambiwa kimya ni chake.

Chukueni *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kufika hadi tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, kijana Denge anapinga ukoloni, Yasmini ametoroka ndoa aliyopangiwa. Ni hadithi ya watu wanaojificha, na watu wanaojificha husema chini kwa chini. Nimemsikia mtu mzima, msomi, akisema filamu ile "ina picha nzuri ila mazungumzo hayaeleweki". Nilimuuliza ameiangalia kwenye nini. Kompyuta yake ya kazini, kubwa, iko chini ya TV, inavuma kama mashine ya kusaga. Mtu huyo asingethubutu kuhakiki riwaya ambayo kila ukurasa wa tano umechanwa. Filamu kaihakiki.

Ninaandika haya nikiwa Mkula, mkoani Simiyu, kwa baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu. Kipande cha kiinua mgongo chake kilinunua mashine mjini, kwenye duka ambalo sina haja ya kulitaja. Alisema anataka "kompyuta ya kuangalia filamu". Alichopewa ni kasha lenye ubavu wa kioo, feni nne zinazowaka taa za rangi kama basi la usiku, kadi ya picha ya kuchezea gemu na pawa saplai ya wati 600. Zile feni za taa, nilipofungua, nilikuta zimeungwa moja kwa moja kwenye pawa saplai. Hazina waya wa kudhibiti mwendo, kwa hiyo zinazunguka kasi ileile hata kama kompyuta haifanyi lolote. Usiku, chumba kizima kinasikika kama kuna mtu anakaanga dagaa kwenye kona.

Sebule yenyewe ni kama sebule nyingi huku: sakafu ya saruji, mabati juu, dari hakuna. Sauti haina pa kuzama, inagonga na kurudi. Na anayeumia zaidi ni bibi, mama yake baba mdogo, aliyepita miaka themanini. Kisukuma ndiyo lugha yake. Kiswahili alikifuata ukubwani. Mtu anayesikiliza lugha yake ya pili huumizwa na kelele kuliko mzawa wa lugha ile, kwa sababu mzawa hujaziliza pengo kwa mazoea na yeye hana mazoea ya kutosha. Bibi alikuwa anauliza kila baada ya dakika moja: "Kasema nini?" Watoto wakajibu mara tatu, mara nne, wakachoka. Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anageuza kiti kuelekea dirishani, TV ikiwa mgongoni mwake. Huyo ndiye mtu ambaye wauzaji wanasema hahitaji kimya.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana lawama bila dawa ni umbeya.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto. Joto lazima liondolewe, huondolewa kwa hewa, na hewa inayosukumwa ndiyo kelele. Kwa hiyo kimya hakianzii kwenye feni, kinaanzia kwenye wati. Kufungua filamu ni kazi ndogo sana kwa prosesa yenye saketi maalumu ya video. Prosesa za Intel za kizazi cha saba, zilizoenea mwaka 2017, zina saketi ya kufungua HEVC na VP9, yaani karibu kila faili na kila video utakayokutana nayo. Kadi ya picha ya gemu hapo haina kazi. Umelipia jiko la mkaa ili uchemshie yai moja.

Ninachopendekeza ni zile kompyuta ndogo za ofisini, ukubwa wa kamusi: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Tafuta prosesa yenye herufi T mwishoni, mfano i5-7500T, ya wati 35. Na hapa kuna bahati ambayo madukani hawaitangazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha nane kwenda juu. Maofisi ya nje yanazitupa mashine za kizazi cha saba, na nyingi zinaishia kwenye meza za mitumba. Muuzaji atakwambia imepitwa na wakati. Mwache aseme, bei ishuke. Wewe utaweka LibreELEC, mfumo wa bure ambao kazi yake ni moja tu, kuendesha programu ya sinema iitwayo Kodi (haina uhusiano wowote na TRA). Ramu ya gigabaiti 4 au 8 inatosha.

Mwenye pesa kidogo zaidi na anayetaka kimya cha kaburini, kuna mashine zenye prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, wati 6 tu, nyingine hazina feni kabisa. Mwili wake wa chuma ndio unaotoa joto. Lakini huku kwetu, mchana wa Septemba kabla mvua hazijaanza, chini ya mabati, mashine isiyo na feni haitaki kufichwa. Usiiweke ndani ya kabati. Na tafadhali, akina mama wenye nyumba mnisamehe, usiivike kitambaa cha kufuma. Vitambaa vile ni vizuri juu ya kochi. Juu ya kompyuta ni blanketi kwa mgonjwa wa homa.

Ukilazimika kutumia kasha kubwa, weka feni moja pana, ya milimita 120 au 140, na uizungushe polepole. Feni pana husogeza hewa ileile kwa mizunguko michache. Kupunguza mwendo wa feni kwa nusu hushusha sauti yake kwa takriban desibeli 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kama nusu ya ukali. Kwa hiyo mwendo nusu, kelele karibu theluthi.

Diski: mfumo ukae kwenye SSD, haina kinachozunguka. Filamu zikae kwenye diski kubwa ya nje, na chini yake weka vipande vya soli ya kandambili kuukuu, mtetemo usipite kwenye meza. Usicheke, jaribu. Na diski hiyo usibane matumizi kwenye ukubwa. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kutoka vipuri, na nakala ya awali isiyo na sauti ya VJ haipo tena, ilifutwa ili kupisha kazi iliyofuata. Filamu nzima, kwa kukosa nafasi tu. Sisi nasi tuna CD na DVD za miaka ya 2000 zinazochubuka kwenye makabati, na nyingine hutazipata popote mtandaoni. Hii ndiyo sababu nasema kompyuta na sisemi kile kiboksi cha Android, ambacho ni kimya na rahisi. Kama wewe ni wa YouTube tu, nunua kiboksi, tusipotezeane muda. Lakini mwenye diski za zamani na bando la kuhesabu anahitaji mashine inayonakili na kutunza.

Mashine ya mtumba ifunguliwe kabla ya kuisifu au kuitukana. Pesti ya joto juu ya prosesa huwa imekauka kama udongo wa mbuga, na mapezi ya kupoozea yamejaa vumbi, hivyo feni inahangaika. Brashi laini, pesti mpya, na mara nyingi kelele inapungua siku hiyohiyo. Huku kwenye vumbi la pamba na ng'ombe, rudia kila miezi miwili mitatu.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: mvua ikinyesha kwenye mabati husikii hata feni. Kweli, ila mvua hukatika. La pili: ongeza sauti ya sabufa. Ukiongeza ili usikie mnong'ono, dakika inayofuata risasi zinalia na mtoto anaamka. Tena sabufa nyingi zinaongeza mdundo, siyo maneno. La tatu ndilo la wasomi: eti utamaduni wetu wa filamu ni wa kelele, wa vibanda umiza, wa Lufufu na DJ Afro wakisimulia juu ya picha. Hao wanaosema hivyo sidhani kama wamewahi kumsikiliza Lufufu. Watu walilipa kiingilio wakakaa kwenye mabenchi ya mbao kwa sababu kuna mtu anawapa maneno, kwa lugha yao, yakisikika. Kibanda kilijaa kwa njaa ya kusikia.

Watengeneza filamu nao wana deni lao. Ule muziki wa kinanda mnaoupandisha juu ya mazungumzo hakuna feni iliyowalazimisha. Siku nyingine nitawafikia.

Kwa baba mdogo tulitoa kadi ya picha, akapata kijana wa gemu Bariadi wa kuinunua pamoja na kasha la taa, na pesa ile ikatosha kompyuta ya ofisini ya mtumba, chenji ikabaki. Iko nyuma ya TV, haionekani. Bibi siku hizi anasikia, na amegundua kwamba nusu ya wanayosema waigizaji hayana maana. Anawajibu kwa Kisukuma na kucheka peke yake.

Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa mashine ikiwa imezimwa, wala mlango ukiwa wazi na bodaboda zinapita. Mwombe muuzaji afunge mlango, aweke filamu, muiache icheze dakika ishirini hadi ipate joto. Kisha sogea hatua tatu, funga macho, sikiliza. Akikwambia hana muda huo, jirani yake anauza zilezile.