Kamanda tumemzika, fomu zetu bado zimelala

Tangu tumzike Kamanda, kundi la WhatsApp la chama chetu halijatulia. Wako wanaomtukana Mweka Hazina, wako wanaowalaumu wafiwa, na wako ambao hawajapata kukanyaga mkutano hata mmoja ila leo wamekuwa wajuzi wa katiba. Tahariri hii ni yenu nyote.

Kwanza marehemu mwenyewe. Wengi mlimjua kwa kanzu yake ya Idi na kwa masufuria. Kila harusi yetu hapa Norfolk, wageni wakishaondoka, yeye ndiye aliyekunja mikono ya shati akasugua ukoko wa pilau hadi usiku wa manane, na hakutaka kusaidiwa na mtu aliyevaa nguo nzuri. Alikulia Likoni, jirani na Mtongwe iliko kambi ya wanamaji wa Kenya, akizitazama meli za kijivu kutoka kwenye feri. Marekani alikuja kusoma, karo ikamshinda, na alipopata ukaazi wa kudumu akajiunga na jeshi la majini kama baharia wa chini kabisa. Huko asiye raia hapewi uafisa. Akasubiri uraia, akamaliza shahada yake akiwa kazini, akapanda. Alitumika miaka 24, akastaafu akiwa Luteni Kamanda.

Safari za miezi sita au saba zilikuwa maisha yake. Kabla ya kila safari alijirekodi akiwasimulia mabinti zake hadithi za Sungura na Fisi, ili wazisikilize wakati hayupo. Mkewe amezihifadhi kwenye boksi la viatu. Katika mojawapo mtoto mdogo anasikika akimkatiza baba, anauliza kwa nini Fisi hashibi, naye anaiacha hadithi na kumjibu taratibu mpaka aridhike. Meli yake ilipotia nanga Muscat aliwatafuta wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja, akakaa nao wakapiga soga kwa Kiswahili, kisha akampigia mkewe simu kwa furaha kama aliyefika Mombasa.

Mtu huyu tumemzika bila heshima aliyostahili. Alifariki Alhamisi usiku. Ijumaa kutwa nyumba ilipekuliwa kutafutwa DD-214, hati anayopewa askari wa Marekani anapotoka jeshini. Bila uthibitisho wa utumishi mambo hayaendi. Makaburi ya kitaifa ya maveterani humpa anayestahili kaburi, matunzo yake na jiwe la jina bila familia kulipa, na mke naye ana haki ya kuzikwa hapo. Lakini kwa kawaida hayaziki Jumamosi wala Jumapili. Ijumaa magharibi hati haijaonekana, na wafiwa hawakutaka maiti asubiri hadi Jumatatu. Akazikwa Jumamosi kwenye makaburi ya Waislamu. Askari wawili wenye sare, bendera ya kukunjwa na kukabidhiwa mjane, na tarumbeta ya kumuaga ni haki ambayo tangu mwaka 2000 sheria inamhakikishia kila veterani anayestahili, familia yake ikiomba. Hakuna aliyeomba. Hati ilipatikana baadaye, ndani ya bahasha ya bima ya gari.

Na ni Kamanda huyuhuyu aliyependekeza Katibu atunze nakala za hati za wanachama waliotumikia jeshi. Pendekezo limo kwenye kumbukumbu za kikao. Tuliliahirisha, na hakuna aliyeliulizia tena.

Sasa mfuko wa maafa. Kifungu cha 7, kama tulivyokibadilisha, kinasema malipo yatakwenda kwa mrithi aliyeandikwa kwenye fomu mpya tu, na fomu za zamani hazina nguvu. Kamanda alilipa ada kila Januari, ya mwaka mzima kwa mkupuo. Fomu yake ya zamani ilimtaja mama yake, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Fomu mpya hakuirudisha, na wengi wenu hamjairudisha mpaka leo. Mweka Hazina alipokataa kumlipa mjane, alifuata kifungu alichopewa. Anayetaka kumtukana ajiulize kwanza alikuwa wapi siku tuliyokipitisha, tulipokaa saa nzima tukipigiana simu ili akidi itimie, kisha tukanyoosha mikono kwa uchovu bila kukisoma.

Kifungu hicho ni kibaya. Mjane wa mwanachama aliyelipa ada zake hapaswi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi. Tunataka kiongezwe kipengele: fomu isipokuwepo, au aliyetajwa akiwa amefariki, malipo yaende kwa mume au mke, na kama hayupo, kwa watoto.

Kuhusu wazee wanaonung'unika kwamba mtoto wa Likoni hakusafirishwa akazikwe kwao: alitaka kuzikwa mahali ambapo mabinti zake watafika kumsomea Fatiha. Alilisema hilo wazi, na halihitaji kura yetu.

Yako yanayoweza kutengenezwa. Bendera bado inaweza kuombwa, na fomu yake hupelekwa posta. Jiwe la kaburi serikali hulitoa hata kwa aliyezikwa makaburi ya binafsi. Pensheni ya mstaafu husimama siku anapofariki, na ikiingia benki baada ya hapo hurudishwa, kwa hiyo mjane asiiguse. Kama marehemu alijiunga na mpango wa mafao ya wafiwa, mjane anaweza kupata hadi asilimia 55 ya kiwango alichokichagua mumewe. Kamati ya ustawi imtafutie mtu wa kumsindikiza kwenye ofisi hizo wiki hii, kabla ya arubaini.

Ninyi mliotumikia jeshi, leteni nakala ya DD-214 kwa Katibu. Aliyeipoteza aombe nyingine kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis. Mnaweza pia kuomba uthibitisho wa haki ya kuzikwa mkiwa hai. Fomu yake ni 40-10007. Fomu za mrithi ziko kwa Katibu na zitakuwa mlangoni siku ya mkutano maalumu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya alasiri. Ajenda ni moja tu, Kifungu cha 7. Njooni na mume au mke.