Jeshi la Kufukua, Si la Kutisha

Wapenda haki wa Eastlands,

Usiku wa Aprili 29, 2016, ghorofa liliporomoka Huruma, watu wapatao 50 wakafa. Wanajeshi walifika, twakiri. Lakini waliotangulia ni majirani, kwa mikono mitupu. Siku 6 baadaye watu 4 walitolewa hai. Penye kifusi, kila saa ni uhai.

Kifungu cha 241 cha Katiba chaliagiza jeshi lisaidie katika maafa. Kulipeleka penye ghasia kwahitaji idhini ya Bunge. Mbona Juni 25, 2024, vijana walipoandamana, amri iliitangulia idhini? Wepesi huo twaudai kwa waliofukiwa: mitambo na waokoaji wawe karibu na mitaa yetu, majirani wafunzwe sasa. Kodi yetu inunue sururu kabla ya risasi.