Paka Aliyezeekea Lindoni Asitupwe

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Chiengi upande wa kaskazini, hakuna mwenye ghala asiyeijua adha ya panya. Panya hula mahindi, hutafuna nyavu na hutoboa mifuko ya chisense, wale samaki wadogo wakavu wanaofanana na dagaa. Katika vituo vya ulinzi hawasazi hata mikanda ya ngozi wala majalada ya kesi. Ndiyo maana paka amekuwa mwenzi wa askari tangu zamani. Hana cheo wala mshahara, na zamu yake huanza jua linapotua.

Leo twapenda kusema juu ya paka huyo anapozeeka. Meno yamemdondoka, miguu ya nyuma imekakamaa, figo zimechoka, na panya wapita mbele yake bila ya hofu. Hapo ndipo yanapoanza kusikika maneno yasiyopendeza. Mmoja asema atiwe ndani ya gunia atoswe ziwani. Wa pili asema apigwe mawe aondoke. Wa tatu, kwa kuwa ana bunduki mkononi, aona risasi moja yatosha. Twasema waziwazi kwamba mambo hayo hayamstahili mtu aliyevaa sare ya taifa. Kila risasi ina hesabu yake, na paka wa kituo si adui.

Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa," yaani paka aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi. Aliyelinda akiba yetu kwa miaka kumi ana haki katika akiba hiyo siku anaposhindwa kuilinda. Kumtumia mpaka aishe, kisha kumtupa, ndiyo ile shukrani ya punda, ambayo ni mateke.

Wako watakaotucheka. Watasema kwamba ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako vita vimewatoa watu makwao mara nyingi, na kwamba katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi. Binadamu wana shida, nanyi mwatuletea habari za paka? Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini tunayoyaomba hayapunguzi tonge la mkimbizi yeyote wala dawa ya mtoto yeyote. Ni maji safi, kipande cha samaki, gunia kavu la kulalia, na dakika kumi za askari asiye zamu. Tena askari huyo ndiye atakayesimama kesho mbele ya bibi kizee anayeshuka mtumbwini bila cheti wala nguvu. Mkono uliozoea kumtupa aliyechoka hauchagui.

Hata wapiganaji waliokuwa katika dhiki kubwa wamelifahamu jambo hili. Mwezi Aprili 1949 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Amethyst, ilipigwa mizinga katika Mto Yangtze nchini China. Paka wa meli hiyo, aliyeitwa Simon, alijeruhiwa vibaya. Mabaharia walikuwa wamefiwa na wenzao, wamezuiliwa mtoni kwa miezi, na chakula kilikuwa kikipungua; hata hivyo walimtibu. Alipopata nafuu alirudi kuwaua panya waliokuwa wakimaliza akiba ya meli. Simon alikufa Novemba mwaka huohuo, akatunukiwa Nishani ya Dickin, ambayo hutolewa kwa wanyama waliotumika vitani. Ndiye paka pekee aliyepata kutunukiwa nishani hiyo.

Sasa tuseme yanayopasa kutendwa. Paka aliyepita umri wa miaka 10 ni mzee. Ugonjwa unaowapata wengi katika umri huo ni wa figo, nao huja kimyakimya. Kwa kawaida dalili hazionekani mpaka sehemu kubwa ya nguvu za figo imekwisha kupotea. Hapo paka hunywa maji mno, hukojoa mno, hukonda, na manyoya yake hupoteza mng'aro. Ugonjwa huo hauponi, lakini akitunzwa aweza kuishi nao miezi mingi, pengine miaka. Mwingine hula kwa pupa na bado hukonda. Huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Mwingine huacha kuruka juu ya meza, akadhaniwa ni mvivu, kumbe viungo vyamuuma.

La kwanza ni maji. Yawekwe kivulini katika bakuli mbili au tatu, yabadilishwe asubuhi na jioni, wala asikemewe kwa kunywa sana. La pili ni chakula. Apewe samaki aliyechemshwa, asiye na chumvi, aliyetolewa miiba. Samaki wa chumvi hamfai mwenye figo mbovu, na nshima peke yake haimtoshi, kwa kuwa paka ni mla nyama kwa asili yake. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa kisheria, yai lililochemshwa au nyama ya kuku yafaa. Askari asije akaivunja amri anayoisimamia kwa kisingizio cha paka. La tatu ni mizani. Apimwe kila mwezi na uzito uandikwe daftarini. Paka wa kilo 4 aliyepungua nusu kilo amepoteza sehemu moja katika nane ya mwili wake, sawasawa na mtu wa kilo 70 aliyepoteza karibu kilo 9. Akikataa chakula kwa siku mbili, jambo hilo ni la hatari, maana ini lake laweza kuharibika.

Kuna onyo ambalo hatuna budi kulisisitiza. Askari mwenye huruma huweza kuchukua panadol kutoka mfukoni mwake akampa paka anayechechemea. Asithubutu! Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo asipewe bila ya amri ya daktari wa mifugo.

Tena huruma isitufanye tusahau kichaa cha mbwa, ambacho humpata paka pia. Paka mzee achanjwe kama wengine. Mpole akigeuka mkali ghafla, akatokwa na mate na kuuma ovyo, asishikwe. Atengwe, na bwana mifugo aarifiwe mara moja. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Hatusemi kwamba kila kitu chawezekana. Shule ya udaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Zambia, iliyopewa jina la mpigania uhuru Samora Machel, iko Lusaka, karibu kilomita 1,000 kutoka Nchelenge. Kituo hakiwezi kumpeleka paka huko kila mwezi kupimwa damu. Na itafika siku ambapo maji na samaki havitamsaidia tena: hali, hasimami, hajisafishi, usiku kucha analia. Siku hiyo kumwacha ateseke ni ukatili uleule kwa njia nyingine. Mkuu wa kituo amwite bwana mifugo, na paka alazwe kwa dawa, pasipo maumivu wala mzaha. Zambia ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Polisi anayemkamata raia kwa kumtesa punda atasema nini ikiwa nyuma ya kituo chake limefungwa gunia lenye paka hai?

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa vituo vilivyo kando ya Mweru, na vya kwingineko, watoe agizo dogo. Paka mzee wa kituo apangiwe mtu wa kumtazama, jina la mtu huyo liandikwe katika orodha ya zamu, na asiguswe na mwingine yeyote kwa ubaya. Agizo hilo halihitaji fedha kutoka makao makuu.