Mguu uliofungwa kamba

Majeraha tunayajua hapa Goma: chukudu, pikipiki, na risasi. Mwezi wa kwanza 2025 hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi. Wengine hufika wakiwa wamefungwa kamba, na sisi tunaulizwa: nyama ya mwili inavumilia muda gani bila damu?

Haifi papo hapo. Msuli unapunguza kazi ili kutunza nguvu iliyobaki, unatumia sukari ya akiba, na mishipa midogo ya pembeni inapanuka kutafuta njia nyingine. Ndiyo maana mkono uliobanwa, ukiachiliwa, unapata joto ghafla. Mwaka 1986 huko Marekani, Murry, Jennings na Reimer walikatia mioyo ya mbwa damu mara 4, dakika 5 kila mara. Kisha mioyo hiyo ilivumilia dakika 40 za kukosa damu ikiumia kidogo kuliko mingine. Mazoezi kabla ya mtihani, tungesema sisi walimu.

Lakini akiba inaisha. Ubongo unavumilia dakika chache tu; msuli wa mguu, kama saa 2. Kwa hiyo tunakandamiza jeraha kwanza, kwa nguvu. Damu ikizidi kuruka, ndipo tunafunga juu ya jeraha kwa kitambaa kipana cha kitenge, siyo waya. Tunaandika saa, hatulegezi njiani, tunakimbilia hospitali. Aliyeumwa na nyoka hafungwi kamba kabisa: alazwe, mguu usitikisike, abebwe.