Mtafiti wa maradhi ya akili ana kazi gani Wingwi?

Mtu wa Wingwi aliyekosa usingizi miezi mitatu, moyo ukimwenda mbio na kazi haifanyiki, akifika kituo cha afya hasemi ana sonona. Husema kichwa kinamuuma, au ana mawazo. Mara nyingi hupewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Anayetumia unga haji kabisa; anaona haya.

Ndiyo maana tunazungumzia elimu ambayo kwa jina inaonekana ya mbali: mafunzo ya utafiti baada ya shahada ya uzamivu. Msomi aliyekwisha kuipata shahada hiyo hukaa miaka miwili au mitatu na watafiti wazoefu, akijifunza kuendesha utafiti wake mwenyewe. Kwa maradhi ya akili na uraibu, pa kujifunzia ni kituo cha afya cha kawaida, maana wengi hupita hapo bila kutambuliwa.

Zimbabwe wameona faida yake. Miaka ya 1990 daktari kijana kutoka India, Vikram Patel, alifanya utafiti Harare, ambako watu huyaita maradhi haya kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Maswali ya kumpima mgonjwa yakatungwa kwa Kishona. Baadaye Dixon Chibanda, daktari wa huko huko, alitumia wanawake watu wazima waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi la kliniki. Matokeo ya 2016, kutoka kliniki 24, yalionesha kuwa baada ya miezi sita waliobaki na dalili ni 14 katika kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Pemba si wageni wa utafiti. Maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu 2000, na watoto wetu wamepimwa minyoo na kichocho mpaka wamezoea (nani asiyevijua vile vikopo?). Tungependa akili nayo ipewe uvumilivu huo huo.

Chukua metadoni, dawa ya walioathirika na heroini. Zanzibar ilianza kuitoa 2015, Kidongo Chekundu, Unguja, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa kijana wa Wingwi hilo lilimaanisha kuhamia ng'ambo ya bahari. Kwamba dawa inasaidia, hilo linajulikana. La kutafitiwa ni nauli, safari, na kama muuguzi wa kijijini anaweza kuitoa bila siri ya mtu kufika barazani. Hayo hayajibiwi na mgeni wa wiki mbili mwenye karatasi za maswali.